Pevu si bivu

Siku kumi kabla ya Ramadhani ya 2025 niliangua mapea sitini na moja kwenye mti wa Bibi, nikayajaza mapakacha mawili, nikayapeleka nyumba kwa nyumba pale kwetu Mtambwe, kisiwani Pemba. Kila mlango nilisema maneno yale yale: yawekeni, kufika mwezi mosi yatakuwa tayari kwa futari. Mwezi ukaandama. Jioni ya pili jirani yetu, mama mtu mzima, akaniita uani kwake na kuniwekea moja mkononi. Ngozi ilikuwa imesinyaa kama ncha za vidole vya mtu aliyeshinda baharini. Nikalikata. Nyama ilivutika kama raba, ya majimaji, haina mafuta wala ladha. Lile gamba linalofunika kokwa, ambalo kwenye pea zuri huwa jembamba na la kahawia kama karatasi ya zamani, lilikuwa bado jeupe, nene, limeng'ang'ania nyama.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Bibi yako hukumuuliza, mwanangu?"

Bibi wakati huo alikuwa Unguja kwa matibabu, nami sikutaka kumsumbua kwa jambo nililoliona dogo. Nimelifikiria sana tangu siku ile, na ndiyo maana naandika.

Pea ninalolisema ndilo embe mafuta, ndilo parachichi. Majina yote matatu utayasikia visiwani, ila Bibi ni mtu wa pea na mti wake ni mpea. Ulipandwa na marehemu babu, Mungu amrehemu, kwa kokwa la tunda alilopewa zawadi, na uko mgongoni mwa kilima, baina ya mikarafuu na mdalasini mmoja mzee. Matunda yake ni makubwa, marefu ya shingo, ngozi laini inayobaki kijani hata likiiva. Hiyo ndiyo sura ya mipea ya nchi za joto za pwani. Wataalamu wa mti huu wanaugawa katika makundi matatu, la Meksiko, la Guatemala na la visiwa vya Karibi, na hilo la tatu ndilo linalostahimili joto letu na hata chumvi kidogo iliyomo ardhini karibu na bahari. Mafuta yake ni machache kuliko ya yale meusi yenye ngozi ya chunusi yanayosafirishwa nje kutoka nyanda za juu za bara. Kwa juisi ya futari mimi silibadilishi na lolote.

Kiswahili kimetuwekea maneno mawili ambayo lugha nyingine huyachanganya: pevu na bivu. Tunda huanza changa, likapevuka, kisha likaiva. Embe linaweza kupita hatua zote tatu likiwa mtini, ukaliokota chini asubuhi likiwa tamu tayari. Pea haliwezi. Mtini litapevuka tu. Maadamu kikonyo kinalishikilia, mti hauliachii kuiva. Liache wiki, liache mwezi, utalikuta gumu vile vile, mpaka lidondoke lenyewe na kupasuka kwenye mizizi. Na mipea ya pwani haingojei sana. Ikishapevusha huanza kudondosha, tofauti na ile ya bara inayoweza kuyaning'iniza matunda yaliyopevuka kwa miezi. Tumezoea kuambiana kuwa mvumilivu hula mbivu. Chini ya mpea mvumilivu atakula kilichobakishwa na siafu. Uvumilivu wake una mahali pake, nao ni ndani ya nyumba, baada ya kuangua. Sasa ukiangua kabla ya upevu, hakuna uvumilivu utakaokusaidia, kwa sababu tunda changa haliivi. Linasinyaa.

Na jambo hili nilikwisha kufundishwa, tena mbali sana na Mtambwe.

Niliishi miaka mitatu Uingereza kwa shangazi yangu, katika mji mdogo wa Kent. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mti mmoja wa peasi, aina inayoitwa Conference. Jina hilo lilitokana na mkutano mkubwa wa mapeasi uliofanyika London mwaka 1885, ambako tunda hili lilishinda, na mpaka leo ndilo peasi linalolimwa zaidi Uingereza. Ni refu, jembamba, kijani lenye vipele vya rangi ya kutu kana kwamba limeparuzwa na msasa. Huchumwa mwishoni mwa Septemba kuingia Oktoba, majira ambayo vitabu vyetu vya shule huyaita vuli. Neno hilo lilinisumbua mwaka wa kwanza. Vuli ninayoijua mimi ni mvua: mawingu yanayotoka baharini alasiri, udongo unaonukia, watu wakikimbilia kupanda. Kule ni majani kugeuka manjano na kupukutika, jua likizama saa kumi na mbili na kila siku likizidi kuwahi. Lakini miezi ni ile ile, na kule kama huku watu wako mashambani.

Jumamosi moja shangazi alinitoa nje na kapu. Nilinyoosha mkono nikavuta peasi kwa nguvu, likatoka na kipande cha tawi. Akanizuia. "Usilivute. Linyanyue." Akaweka kiganja chini ya tunda, akalipandisha taratibu mpaka likalala mlalo, kama mtu anayemwinua mtoto kidevu amtazame usoni. Likaachia lenyewe, kikonyo kizima kikabaki na tunda. La pili alilinyanyua vile vile, likakataa. Akaliacha. "Hili bado. Tutarudi wiki ijayo."

Niliuma moja pale pale. Gumu kama muhogo mbichi. Nikamuuliza kwa nini asiyaache yaive mtini, akaenda mwisho wa bustani akachuma moja lililosahaulika juu, zuri kwa macho, akalipasua kwa kisu. Nje lilikuwa sawasawa, ndani kwenye mbegu limegeuka kahawia na unga. Peasi huiva kutoka ndani kuja nje. Ukingoja ngozi ikuambie, moyo umeshaoza. Kwa hiyo huchumwa likiwa pevu na gumu, huwekwa mahali pa baridi, kisha huletwa jikoni machache machache. Kila asubuhi shangazi alikuwa akiyabonyeza kwa kidole gumba pale shingoni karibu na kikonyo. Shingo ikilegea, tunda liko tayari.

"Mama anafanya hivi hivi na mapea yake," aliniambia, mgongo amenipa. Hakuwa ameonja pea la mti ule kwa miaka kumi na saba.

Nilipokuwa najiandaa kurudi, mwisho wa 2023, alitamani sana nibebe mche wa Conference nikaupande karibu na mpea wa mama yake. Nilimkatalia, na kumkatalia kulinihuzunisha. Mbali na sheria za kuingiza mimea, mti ule unadai baridi. Lazima ulale saa mia kadhaa za majira ya baridi, chini ya nyuzi 7 hivi, ndipo machipukizi yake yaamke kwa pamoja na kuchanua. Pemba haijui baridi ya namna hiyo hata kwenye kipupwe cha Julai. Mapeasi yanayouzwa visiwani yanavuka bahari, mengine kutoka Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ambako ubaridi wa mwinuko unayatosha.

Ajabu ni kwamba jina la tunda hilo lilishafika kwetu zamani, mara mbili, bila mti wenyewe. Wareno, waliokuwa na nguvu kwenye pwani hii mpaka walipoipoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, wanaliita tunda hilo pera, na sisi jina hilo tumelivika mpera, mti mwingine kabisa uliotoka Amerika. Waingereza nao walikuwa wakiliita parachichi "pea la avokado", kwa sababu ya umbo, nalo pea likabaki. Mpera na mpea yote ni mitoto ya Amerika iliyopewa jina la mti wa Ulaya na kukuzwa na mikono ya Waswahili. Shangazi nilipomweleza haya alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mche umeshatangulia."

Nilirudi na ari nyingi. Kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa kununua miche miwili ya Hass, aina ya mpea, ya kubebesha, yaani kitawi cha mti mmoja kimeungwa juu ya mche wa mwingine, kwa muuzaji mmoja aliyenihakikishia kuwa inafaa popote. Hass asili yake ni mti mmoja wa California, wa Rudolph Hass, aliyeuandikishia hataza mwaka 1935, na mipea yote ya Hass duniani imetokana na vitawi vilivyokatwa kutoka kizazi cha mti ule. Ni mti wa ubaridi wa milimani. Tena nikaipanda bondeni, ukingoni mwa mpunga, nikifikiri kwenye maji itastawi. Bibi aliiona akiwa juu ya kilima, akauliza, "Umeipanda kwenye maji?" Nikamjibu kuwa ni karibu na maji. Hakusema zaidi.

Masika ya 2024 yaliteremka bondeni siku nyingi mfululizo. Majani ya Hass yakapungua ukubwa, yakapauka, yakalegea mchana wakati udongo umelowa chepechepe. Nilidhani miche ina kiu. Nikaimwagilia. Mwezi wa Juni niling'oa mmoja kwa mkono bila kutumia nguvu. Mizizi yake midogo, ile ya kulishia, ilikuwa myeusi na inakatika kama vijiti vya kiberiti vilivyoungua.

Huo ndio ugonjwa unaoua mipea mingi kuliko mwingine wowote duniani, kuoza mizizi. Mpea una mizizi ya kulishia iliyo juu juu, mingi katika sentimita chache za mwanzo, na haina zile nywele nyembamba ambazo mimea mingine hunywea maji. Inahitaji hewa udongoni. Maji yakituama, kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi huogelea mpaka kwenye mizizi na kuila. Jina lake la pili limetoka kwa mdalasini, kwa sababu mwaka 1922 kilielezwa mara ya kwanza kutoka kwenye midalasini ya Sumatra. Mpea na mdalasini ni ndugu wa ukoo mmoja. Sikulijua hilo, nilikuwa nikiona tu kwamba babu aliipanda pamoja pale mgongoni mwa kilima, mahali ambapo maji hayasimami hata saa moja. Mdalasini wake bado mzima, na huo ulikuwa ushahidi mzuri wa udongo kuliko maneno ya muuzaji. Ukiona mdalasini umekauka wenyewe mahali fulani, tafadhali usipande mpea hapo.

Baada ya hapo niliacha kutafuta miti ya watu wengine. Niliyachukua makokwa ya mapea yetu wenyewe, nikayapanda yakiwa mabichi ndani ya wiki, maana kokwa la mpea likikauka limekufa. Lakini kokwa halizai tunda la mama yake. Mti wa kokwa unaweza kukuweka miaka sita, minane, kumi, kisha ukakupa tunda dogo la nyuzi. Kwa hiyo miche ilipofika unene wa penseli nikaibebesha vitawi vya mti wa Bibi. Nilikata kitawi chenye macho yaliyovimba lakini hayajafunguka, nikakichonga kabari, nikapasua kichwa cha mche, nikakichomeka, gome likutane na gome angalau upande mmoja, nikafunga kwa utepe wa nailoni na kuvika mfuko juu usikauke. Kati ya kumi na miwili, saba ilishika. Niliipanda kilimani juu ya matuta ya udongo wa kinongo, kila mmoja kwenye kichuguu kinachofika magotini. Shina halikufukiwa hata inchi moja zaidi ya lilivyokuwa kwenye mfuko. Nikatandaza majani makavu na makumbi ya nazi kwa upana wa kivuli cha mti, mbali na shina kiasi cha kiganja. Sipalilii kwa jembe chini ya mpea. Magugu nang'oa kwa mkono, kwa sababu jembe linakata mizizi ile ile ninayotaka kuilinda.

Mbolea sina mengi ya kusema. Samadi iliyooza vizuri, kidogo kidogo, baada ya mvua kukolea.

Maua ndiyo yaliyonishika kuliko yote. Mti wa Bibi huchanua mwisho wa kipupwe, kati ya Agosti na Septemba, vishada vya rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, vidogo hata mpita njia asivione. Nilikaa chini yake siku tatu na daftari. Saa tatu asubuhi ua lililofunguka lilikuwa na kijinyuzi kimoja katikati kimesimama, chepesi kupokea, na zile nyuzi za chavua zimelala pembeni, zimefumba. Adhuhuri ua lile likajifunga. Kesho yake mchana likafunguka tena, safari hii nyuzi tisa za chavua zimesimama na kumwaga unga, na kile cha katikati kimeshachoka. Ua moja, siku mbili: siku ya kwanza jike, siku ya pili dume. Kuna mipea inayoanza ujike asubuhi na mingine inayoanza mchana, na ikikaa jirani hupeana chavua kwa kazi ya nyuki. Nilivuka mpaka kwenda kwa yule mama aliyenipa pea lililosinyaa, nikautazama mpea wake. Wake hufungua jike mchana. Asubuhi, wetu ukiwa jike, wake unamwaga chavua. Nilimwita aje aone. Tulisimama pale wawili, yeye kajifunga kanga kiunoni, akiligeuza ua moja kwenye ncha ya kidole, akasema miaka yote alikuwa akijua kuwa miti hii inapendana lakini hakujua kuwa inapeana zamu. Mwanawe alikuwa na nia ya kuukata mpea huo ajenge banda. Banda limehamishiwa upande wa pili.

Mti mkubwa hutoa maua kwa malaki, hata milioni, na matunda yanayobaki ni mamia. Usishtuke chini kukiwa manjano kwa maua yaliyoanguka. Ndivyo ulivyo.

Bibi alirudi kutoka Unguja mwezi wa Aprili, Idd imeshapita. Nilimweleza yote, mapea sitini na moja, majirani, raba. Alinisikiliza akiwa amekaa kitandani, kisha akasema nikaangue moja. Nikaenda na upembo, nikalivuta tawi, nikakata kikonyo kwa kisu nikiacha kipande cha urefu wa ukucha kama anavyotaka, kwani liking'oka bila kikonyo hupata kidonda na kuozea pale pale. Nikamletea. Hakulibonyeza. Alilifuta kwa upindo wa kanga, akaligeuza aone kama mng'ao wa ngozi umefifia, akakitazama kikonyo kama kimeanza kugeuka manjano. Kisha akaliweka sikioni na kulitikisa.

"Sikia," akanipa.

Kokwa lilikuwa likigonga ndani, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

"Hili limepevuka. Lile ulilowapa watu lilikuwa kimya." Akaniuliza nilianza kuangua siku gani, nikamtajia. Akahesabu kwa vidole tangu maua ya Septemba. Miezi mitano na siku. "Mti huu unataka sita na ushei," alisema. "Mwaka juzi Ramadhani ilikuja Machi imeshapita katikati, ikaukuta. Mwaka huu imekuja mwanzo wa Machi, haikuukuta. Mwezi unarudi nyuma, mti haurudi."

Ni kweli. Kila mwaka Ramadhani hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja, na mpea unafuata jua na mvua. Nilikuwa nimeangua kwa kalenda ya futari, na sikioni sikuliweka hata moja.

Tuliyavumbika pamoja yale ya Aprili. Nilipanga matenga mawili, chini majani makavu ya mgomba, katikati mapea yasigusane sana, juu ndizi mbivu tatu, kisha gunia. Ndizi ikiiva hutoa hewa inayoyaamsha matunda mengine. Bibi hajui jina la hewa hiyo wala haimhusu, alifundishwa na mama yake. Siku ya nne tukafunua. Nikalibonyeza moja shingoni kwa kidole gumba, pale pale shangazi alipokuwa akibonyeza peasi jikoni kwake Kent, nalo likalegea. Nilimpigia simu kwa video hapo hapo. Bibi alilipasua mbele ya kamera, kokwa likatoka lenyewe likabingirika kwenye sinia, na gamba lake jembamba la kahawia likabaki limebandika kwenye nyama. Shangazi hakusema kitu kwa muda. Halafu akauliza kama lina nyuzi.

"Halina," Bibi akamjibu. "Njoo ule."

Naandika haya mwezi wa Septemba 2025, mti ukiwa umechanua na nyuki wakiuvuma tangu saa mbili. Miche saba ya kubebesha imenifika kifuani, mmoja umejaribu kutoa kishada na nimekikata, bado mdogo. Mwaka 2026 Ramadhani itaingia baada ya katikati ya Februari, mapema zaidi, na Idd kabla Machi haijaisha. Nimeshapita nyumba zote zile tena, mlango kwa mlango, kuwaambia kuwa safari hii hakuna mapea ya futari. Watayapata Idd imeshapita, moja moja, kila litakaposikika.